Kutoka Baraza Hadi Kitu: Historia ya Neno Moja la Kijerumaniki na Funzo Lake kwa Waunda Istilahi

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, mara kwa mara huzuka hoja ambayo mwenye kuitoa huiona kuwa inakata mzizi wa fitina: kwamba neno fulani halifai kupewa maana fulani kwa sababu asili yake si hiyo. Hufunguliwa kamusi ya Kiarabu, au ya lugha mojawapo ya Kibantu, ikasomwa maana ya awali, na mjadala ukahesabiwa kuwa umekwisha. Sisi hatuidharau asili ya maneno, kwani hiyo ni sehemu ya historia ya watu. Hata hivyo, yafaa tujiulize asili hiyo ina mamlaka gani juu ya maana za leo.

Katika makala haya tunakusudia kufuata safari ya neno moja la lugha za kaskazini ya Ulaya, tangu mame lugha hadi siku zetu. Tumelichagua neno hilo kwa sababu mbili. Kwanza, ushahidi wake ni mwingi, na hatua zake nyingi zaweza kuonyeshwa kwa maandishi. Pili, njia liliyoipita inafanana mno na njia ya neno letu "shauri", ingawa maneno hayo mawili hayana undugu wowote.

Neno lenye kinyota

Neno lenyewe huandikwa *þingą. Herufi yake ya kwanza hutamkwa kama "th" katika "thamani", "ng" hutamkwa kama katika "ngoma", na irabu ya mwisho hutolewa puani. Kinyota kilichotangulia ni alama ya wanaisimu. Chaonyesha kwamba neno halikukutwa limeandikwa mahali popote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana na mame lugha moja. Watu waliosema mame lugha ya Kijerumaniki waliishi kusini ya Skandinavia na kaskazini ya Ujerumani katika karne za mwisho kabla ya Kristo, nao hawakuacha vitabu.

Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni katika njia hii. Kiswahili kina "watu", Kiganda "abantu", Kizulu "abantu", Kikuyu "andũ". Kwa kulinganisha maneno kama hayo, Carl Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899, na baadaye Malcolm Guthrie katika juzuu zake nne zilizotolewa kati ya 1967 na 1971, waliunda upya mashina ya mame lugha ya Kibantu. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa kwanza katika lugha za Ulaya na Asia, kisha ikaletwa kwetu.

Kwa neno tunalolichunguza, ulinganisho ni huu: Kiingereza "thing", Kijerumani "Ding", Kiholanzi "ding", Kidenmaki, Kinorwe na Kiswidi "ting", Kiaislandi "þing". Jacob Grimm alikwisha kuonyesha mwaka 1822 kwamba sauti "th" ya Kijerumaniki ilitokana na "t" ya zamani zaidi, na ndiyo maana Kilatini kina "tres" pale Kiingereza kinaposema "three". Kwa hiyo mzizi ulianza kwa "t". Tena katika Biblia ya Kigoti, iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4, mna neno "þeihs" lenye maana ya "wakati", ambalo wataalamu hulihesabu kuwa ni ndugu wa *þingą. Tofauti ya "h" na "g" kati ya maneno hayo mawili inafuata kanuni iliyogunduliwa na Karl Verner wa Denmaki katika miaka ya 1870.

Kutokana na undugu huo, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba *þingą hapo awali haikuwa na maana ya baraza wala ya kitu. Ilikuwa na maana ya wakati uliopimwa na kuwekwa, yaani miadi. Kutoka "wakati wa kukutana" neno likawa "mkutano" wenyewe. Basi mtetezi wa asili akitutaka turudi kwenye maana ya kwanza, itambidi atueleze ni ya kwanza ipi, maana hata baraza lenyewe si mwanzo wa safari.

Baraza la watu huru

Mwandishi Mrumi Tacitus, katika kitabu chake kuhusu Wajerumani kilichoandikwa mwaka 98, ametuachia picha ya baraza hilo. Yeye hulitaja kwa neno la Kilatini, lakini jambo analolieleza ndilo lile lile. Watu hukutana mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Hawafiki kwa pamoja kama walioamrishwa, na siku mbili au tatu hupotea kwa kungojana. Huketi wakiwa na silaha zao, na makuhani ndio wanyamazishao. Rai isiyowapendeza huikataa kwa kunung'unika. Ikiwapendeza, hugonganisha mikuki. Katika kikao hicho hicho mashtaka husikilizwa na hukumu hutolewa. Yaani baraza hili lilikuwa bunge, mahakama na jeshi kwa wakati mmoja.

Ushahidi mwingine umechongwa katika jiwe. Mwaka 1883, penye ngome ya Housesteads katika ukuta wa Hadrian, kaskazini ya Uingereza, zilionekana madhabahu za karne ya 3 zilizowekwa na askari Wafrisia waliolitumikia jeshi la Kirumi. Waliziweka kwa heshima ya mungu waliyemwita Mars Thincsus, ambaye kwa kawaida hufasiriwa kuwa mungu wa baraza. Wataalamu wengi huona kwamba jina hilo ndilo lililobaki katika "Dienstag" ya Kijerumani na "dinsdag" ya Kiholanzi, yaani siku ya Jumanne.

Katika maandishi ya sheria neno lenyewe linajitokeza wazi. Mfalme Rothari wa Walombardi, aliyetawala Italia, alitangaza sheria zake mwaka 643. Ziliandikwa kwa Kilatini, lakini ndani yake mmebaki "thinx" na "gairethinx", maana yake "baraza la mikuki". La kuangalia hapa ni kwamba katika sheria hizo "thinx" hutumika pia kwa tendo lililofanywa mbele ya baraza, kama vile kumpa mtu mali hadharani. Jina la kikao limekwisha kuhamia kwenye jambo linalotendeka kikaoni. Huko Kent, sheria za wafalme Hlothhere na Eadric za mwishoni mwa karne ya 7, zilizotufikia katika nakala ya karne ya 12, zinalitaja neno hilo kwa maana ya mahali ambapo mshtakiwa huitwa kujibu.

Jinsi baraza lilivyogeuka kuwa kitu

Twaona kwamba mageuzi ya maana yalikuwa na hatua mbili, na ni vema tuzitenge, kwa kuwa sababu zake si moja.

Hatua ya kwanza ni ya kupanuka. Kinachopelekwa barazani ni kesi, na kesi ni jambo linalowagusa watu. Neno la baraza likawa neno la kesi; neno la kesi likawa neno la jambo lolote lenye kuzungumzwa; neno la jambo likafika kwenye kitu chochote, hata kile kisichoweza kuzungumzwa. Katika Kiingereza cha Kale na Kijerumani cha Kale maana hizi zilikaa pamoja katika neno moja kwa karne nyingi, wala wasemaji hawakupotezana, maana muktadha uliwaonyesha ni ipi iliyokusudiwa.

Wala hili si ajabu la Kijerumaniki peke yake. Kilatini kilikuwa na "causa", maana yake kesi au sababu. Watoto wake ni "cosa" ya Kitaliano na Kihispania, na "chose" ya Kifaransa, yote yakiwa na maana ya kitu. Kijerumani kina "Sache", ambayo zamani ilikuwa ugomvi uliofikishwa mbele ya hakimu na sasa ni jambo au kitu. Ndugu yake wa Kiingereza, "sake", amebaki katika misemo ya "kwa ajili ya". Inaelekea kwamba watu wa mahali pengi walianza kuviona vitu kuwa mambo pale vilipogombewa.

Hatua ya pili ni ya kupotea, nayo haikutokea kila mahali. Maana ya "kitu" kuingia ni jambo moja. Maana ya "baraza" kutoka ni jambo jingine. Baraza lilitoka katika neno pale lilipotoka katika maisha ya watu. Katika nchi za Wafranki, Charlemagne, aliyetawala tangu mwaka 768 hadi 814, alipunguza wajibu wa watu huru kuhudhuria mabaraza hadi mara tatu kwa mwaka, akaweka waamuzi wa kudumu. Kazi ya hukumu ikawa inaondoka mikononi mwa umati na kuingia mikononi mwa wenye vyeo, na hatimaye Kijerumani kikaita mahakama kwa neno jingine kabisa. Huko Uingereza, neno la kawaida la baraza lilikuwa "gemot". Na baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066, maneno ya bunge na mahakama yalitoka Kifaransa. "Thing" likabakiwa na kazi ya kutaja chochote kile, karibu sawa na "dude" letu.

Hata hivyo, neno halikufa lote. Mabaki yake yamefichama katika msamiati wa sheria. Kijerumani husema "Bedingung" kwa maana ya sharti, na "verteidigen" kwa maana ya kutetea. Hili la pili limetokana na neno la zamani lililounganisha "siku" na "baraza", yaani siku ya kesi. Kiholanzi husema "geding" kwa maana ya kesi, na "afdingen" kwa maana ya kupatana bei ili ishuke. Kiingereza nacho kina "hustings", lililoletwa na Waskandinavia kwa maana ya baraza la nyumba ya mkuu. Baadaye likawa jina la mahakama ya jiji la London, kisha jukwaa ambapo wagombea walitangazwa hadharani kabla ya sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872, na sasa ni jina la mikutano ya kampeni. Huyo ni mtoto wa baraza aliyerudi barazani kwa mlango wa nyuma.

Mahali baraza liliposalia

Huko kaskazini mambo yalikwenda vingine. Waliohamia Aislandi hawakuwa na mfalme, nao mwaka 930 waliweka baraza la nchi nzima, Alþingi, mahali palipopata jina la Þingvellir, yaani viwanja vya baraza. Kwa kuwa sheria zilikuwa hazijaandikwa, msema-sheria alizisoma kwa moyo, theluthi moja kila mwaka, hata zikamalizika kwa miaka mitatu. Zilianza kuandikwa katika majira ya baridi ya 1117 hadi 1118. Ni katika baraza hilo, yapata mwaka 1000, ilipoamuliwa kwamba nchi iwe ya Kikristo.

Historia ya Alþingi haikuwa ya amani tupu. Aislandi iliingia chini ya mfalme wa Norwe katika miaka ya 1262 hadi 1264, kisha ikawa chini ya Denmaki, na baraza likabaki mahakama zaidi kuliko bunge. Mwaka 1800 lilivunjwa. Mwaka 1843 lilirudishwa kwa amri ya mfalme, na mwaka 1845 likakutana Reykjavík. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 17 Juni 1944, watu walikwenda kutangazia Þingvellir. Katika Kiaislandi "þing" hadi leo ni baraza kwanza. Kazi ya kutaja kitu cha kawaida hufanywa na neno jingine, "hlutur".

Alama za neno hili zimetapakaa kila mahali Waskandinavia walipofika. Bunge la Kisiwa cha Man huitwa Tynwald, na mahali paitwapo Dingwall na Tingwall huko Uskoti pana majina ya asili hiyo hiyo. Yote matatu yametokana na "viwanja vya baraza". Visiwa vya Faroe vina Løgting. Neno limevuka hata mpaka wa ukoo wa lugha: Wasami wa kaskazini, ambao lugha yao ni ndugu wa Kifini na si ya Kijerumaniki, walilikopa zamani wakalitamka "diggi", na bunge lao huitwa Sámediggi. Lilifunguliwa Norwe mwaka 1989 na Uswidi mwaka 1993.

Katika Kidenmaki na Kinorwe maana zote mbili zipo hadi sasa, nazo hutengwa kwa jinsi ya nomino: "en ting" ni kitu, "et ting" ni baraza. Msomaji wetu, ambaye kwa shina moja la -tu hupata mtu, kitu, jitu na utu, hatahitaji maelezo marefu. Ngeli ni chombo cha kutenga maana bila ya kuunda neno jipya.

Kufufua neno

Kwa muundaji wa istilahi, sehemu yenye faida zaidi ni hii. Neno hili limefufuliwa mara mbili kwa makusudi, na matokeo yakawa mbalimbali.

Mwaka 1814 wajumbe wa Norwe walikutana Eidsvoll kutunga katiba, nchi yao ikiwa inatoka katika utawala wa karne nyingi wa Denmaki. Walihitaji jina la bunge jipya. Wangeweza kukopa, kama Waingereza walivyokuwa wamekopa kwa Wafaransa. Badala yake walichukua neno la mabaraza yao ya kale, ambayo sheria za wilaya zilikuwa zimeyahifadhi kwa majina kama Gulating na Frostating, wakaongeza neno lenye maana ya "kubwa": Storting. Denmaki nayo katika katiba ya 1849 ilitumia Folketing, baraza la watu. Majina hayo yamedumu hadi leo, kwa kuwa watu huchagua wajumbe na wajumbe hujadiliana. Lakini maneno mengine ya aina hiyo yameondoka: baraza la juu la Denmaki, Landsting, lilifutwa mwaka 1953, na mabaraza ya mikoa ya Uswidi, yaliyoitwa "landsting" tangu 1862, yote yalikuwa yamebadilishwa jina kufikia Januari 2020.

Ufufuo wa pili ulifanyika Ujerumani baada ya chama cha Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Watawala hao walilichimbua "Thing" katika umbo lake la kizamani, wakajenga viwanja vya wazi kwa michezo na mikusanyiko waliyoitangaza kuwa ni desturi ya mababu. Kiwanja cha Heidelberg kilifunguliwa na Goebbels mwezi Juni 1935. Watu walikuja kusikiliza tu. Hapakuwa na kunung'unika kwa kukataa, wala mashauriano. Kabla ya mwaka huo kwisha, wizara ya propaganda yenyewe iliagiza neno hilo liachwe. Viwanja vimebaki, neno halikushika.

Maneno hayo mawili yalikuwa na asili moja, tena ya heshima. Kilichowatenga Wanorwe na wale wengine ni kwamba kwa Wanorwe jina liliwekwa juu ya jambo lililokuwapo.

Shauri letu

Sasa turudi nyumbani. "Shauri" latokana na Kiarabu, katika mzizi uliozaa "shura", yaani mashauriano. Katika Kiswahili neno hili lina hatua zote tulizozitaja, na zote zi hai kwa pamoja. Ni kupeana rai: "nipe shauri". Ni kesi mahakamani: "shauri la madai". Ni kikao chenye mamlaka, kupitia "halmashauri". Ni jambo lolote lililokushika: "nina shauri na wewe". Ni sababu: "kwa shauri ya mvua". Maofisa wa utawala wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki walilikopa neno hili, wakaandika "Schauri" katika taarifa zao kwa maana ya kikao cha kusikiliza watu. Walikopa kwetu neno la kikao kwa sababu "Ding" lao lilikuwa limekwisha kuacha kuwa kikao.

Lakini lipo suala la sarufi ambalo wahariri wetu hulikata kwa kalamu nyekundu. Wengi wa wasemaji husema "shauri yako" wanapotaka kusema kwamba matokeo ni juu yako mwenyewe, na "shauri lako" wanapotaja rai au kesi yako. Mhariri huliona la kwanza kuwa ni kosa la upatanisho, akaandika "lako". Sisi twaona kwamba pengine si kosa. Wasemaji wamefanya yale yale yaliyofanywa na Wadenmaki kwa "en ting" na "et ting": wamezitenga maana mbili kwa upatanisho. Mtu aambiwaye "hilo ni shauri lako" aweza kudhani anasifiwa kwa rai yake; aambiwaye "shauri yako" hana shaka kwamba ameachiwa mzigo. Kuufuta upatanisho huo ni kuinyang'anya lugha tofauti iliyojitengenezea bila ya kikao chochote.

Tamati

Tumeona kwamba neno lililoanza kama miadi likawa baraza, likawa kesi, likawa jambo, likawa kitu. Na kwamba pale watu walipoendelea kukutana, lilibaki baraza. Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, asili ya neno iandikwe katika kumbukumbu za istilahi kwa uangalifu, lakini isitumiwe kuwa hukumu ya mwisho. Kama ingekuwa hukumu, basi hata neno "baraza" lisingefaa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kwa kuwa baraza pia ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba wanapokaa watu kuzungumza. Pili, kabla ya kupendekeza neno la kale lililosahauliwa, tuulize kama jambo linaloitwa lipo kati ya watu, na kama wao wenyewe hawajalipa jina.

Jina hilo mara nyingi lipo. Huenda limekaa katika upatanisho ambao tumezoea kuusahihisha.